Ghorofa 12 za Mtaa wa 96: Uchambuzi wa Ombi la Kusamehewa Sharti la Ujenzi

Mwaka 1993, upande wa kusini wa Mtaa wa 96 Mashariki katika jiji la New York, mafundi walipanda juu ya jengo jipya la ghorofa 31 na kuanza kulibomoa kutoka juu kuja chini. Kilichowapeleka huko hakikuwa ufa, wala msingi uliotitia, wala zege lililopunjwa saruji. Walishusha ghorofa 12, wakaacha 19, na jengo liko hivyo hadi leo. Msomaji wa Dar es Salaam, aliyezoea kuona alama ya X nyekundu kwenye kuta za nyumba zilizoingia hifadhi ya barabara, pengine atadhani kwamba mwenye jengo hilo alijenga bila karatasi. Karatasi alikuwa nazo. Idara ya Majengo ya jiji ilimpa kibali mwaka 1985, na kibali hicho kilimruhusu kujenga ghorofa 31.

Kisa cha nambari 108, Mtaa wa 96 Mashariki, husimuliwa zaidi kwa sababu ya ubomoaji wenyewe, kwa kuwa ni nadra jiji kumlazimisha tajiri akate mnara wake mwenyewe. Mimi naona faida kubwa zaidi iko katika hatua ya mwisho, ambayo wasimulizi wengi huipita kwa sentensi moja. Baada ya kushindwa mahakamani, kampuni iliyokuwa ikijenga, Parkview Associates, ilirudi kwenye bodi ya jiji ikaomba isamehewe sharti la urefu, na bodi ikakataa. Ombi la namna hiyo huwasilishwa kila siku katika miji mikubwa na midogo ya Marekani, mara nyingi kwa ajili ya baraza la nyuma ya nyumba au gereji iliyosogea mno kwa jirani, na wajumbe huamua baada ya kusikiliza kwa muda mfupi tu. Hapa, hata hivyo, kilichokuwa mezani ni ghorofa 12 za zege, na kila neno la kanuni lilipimwa kwa uzito wake.

Kwanza mahali penyewe. Park Avenue ni barabara pana, na katika sehemu ile ya mji imepangwa majengo ya makazi yenye vimo vinavyokaribiana, kiasi kwamba ukisimama katikati ya barabara ukatazama kusini unaona kingo za mapaa zikifuatana kwa mbali. Ukifika Mtaa wa 97, reli iliyokuwa imefichwa ndani ya handaki chini ya barabara hutokeza nje na kupanda juu ya daraja, na hapo ndipo East Harlem inapoanza. Mtaa wa 96 kwa hiyo ni mpaka ambao mtu hahitaji ramani kuuona. Kiwanja cha Parkview kilikuwa kati ya Park Avenue na Lexington Avenue, hatua chache kutoka kwenye kona.

Mwaka 1973 Bodi ya Makadirio, ambayo wakati huo ilikuwa na kauli kubwa katika masuala ya ardhi na fedha za jiji, iliweka eneo maalumu la hifadhi kando ya Park Avenue na sehemu za Fifth Avenue. Ndani ya eneo hilo hakuna jengo jipya lililoruhusiwa kuzidi ghorofa 19 au futi 210, yaani mita 64 hivi, na kati ya vipimo hivyo viwili kilichotawala ni kile kilicho kifupi zaidi. Mpaka wa eneo uliwekwa futi 150 kutoka Park Avenue, ambazo ni takriban mita 46. Machi 1983 mpaka huo ulirekebishwa: katika sehemu kadhaa ulirudishwa nyuma hadi futi 100, lakini mahali kilipo kiwanja chetu, upande wa kusini wa Mtaa wa 96, ulibaki futi 150 kama ulivyokuwa. Maandishi ya azimio yalieleza mipaka kwa vipimo, mtaa kwa mtaa na upande kwa upande. Ramani iliyochapishwa na jiji ikaonyesha kana kwamba hata mahali hapa mpaka umerudi hadi futi 100.

Tofauti ya futi 100 na futi 150 ni mita 15. Mtu mzima anaimaliza kwa hatua 20. Ndani ya hatua hizo 20 ndimo mgogoro wote ulimozaliwa, kwa sababu jengo lililopangwa liliingia ndani ya futi 150 lakini, kwa kuisoma ramani, lilionekana limekaa nje ya eneo lenye kikomo.

Kibali kilitoka Novemba 1985 na ujenzi ukaanza. Mwaka 1986 wanachama wa CIVITAS, jumuiya ya wakazi inayofuatilia mipango ya mji katika sehemu hiyo, wakagundua kwamba jengo linapanda kupita kiasi, wakafungua maandishi ya azimio, wakalalamika. Julai mwaka huohuo Idara ya Majengo ikatoa amri ya kusitisha kazi juu ya ghorofa ya 19 na kubatilisha sehemu hiyo ya kibali ilichokitoa yenyewe. Kampuni ikakata rufaa kwa Bodi ya Viwango na Rufaa, ikashindwa. Ikaenda mahakamani, ikashindwa katika ngazi ya kwanza na ya pili. Na Februari 1988 Mahakama ya Rufaa, ambayo katika jimbo la New York ndiyo ya juu kabisa, ikathibitisha kwamba kibali kilikuwa batili tangu siku kilipotolewa. Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kulisikiliza shauri hilo mwaka huohuo.

Hoja ya mahakama haikuwa ngumu kuielewa, ingawa ni chungu kwa aliyeumizwa. Mpaka uliwekwa na chombo chenye mamlaka ya kutunga sheria ya jiji, na ni chombo hicho tu kingeweza kuuhamisha. Karani aliyechora ramani hana mamlaka hayo, na ofisa aliyegonga muhuri kwenye kibali hana mamlaka hayo vilevile. Ikiwa kosa lao lingeifunga serikali, basi ofisa yeyote angeweza kubadili sheria kwa kukosea, na mwenye fedha angejua jinsi ya kumsaidia akosee. Mahakama iliongeza jambo jingine ambalo, kama nitakavyoeleza, ndilo lililoiponza kampuni katika hatua iliyofuata: ilisema kwamba mtu mwenye nia njema aliyefanya uchunguzi wa kawaida angeyakuta maandishi ya futi 150 bila taabu.

Sasa tufike kwenye bodi. Bodi ya Viwango na Rufaa iliundwa mwaka 1916, mwaka uleule New York ilipopitisha kanuni zake za kwanza za kugawa mji katika kanda na kuweka vikomo vya kimo na matumizi ya majengo. Mwaka mmoja kabla yake jengo la Equitable lilikuwa limekamilika katika barabara ya Broadway likiwa na ghorofa 38 zilizopanda wima kutoka ukingo wa barabara, na kivuli chake kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasukuma watu kudai kanuni. Waliotunga kanuni hizo walijua kwamba sharti moja likiwekwa juu ya maelfu ya viwanja, vitakuwapo vichache ambavyo litavinyonga: kiwanja chenye umbo la pembetatu, kiwanja chenye mwamba, kiwanja chembamba kilichobanwa kati ya majengo mawili ya zamani. Bila njia ya kuvifungulia viwanja hivyo, wenye navyo wangekwenda mahakamani kudai kwamba wamenyang'anywa mali, na kanuni nzima ingekuwa hatarini. Bodi ikawa ndiyo tundu la kutolea mvuke. Leo ina wajumbe 5 wanaoteuliwa na Meya kwa vipindi vya miaka 6, na kati yao lazima wawemo mtaalamu wa mipango miji, msanifu majengo na mhandisi.

Bodi hii hufanya kazi mbili ambazo watu huzichanganya, na Parkview ilipitia zote mbili. Kazi ya kwanza ni kusikiliza rufaa dhidi ya uamuzi wa Idara ya Majengo. Hapo swali ni moja tu, je, ofisa aliisoma sheria sawasawa? Huruma haina nafasi, na bodi haiwezi kumpa mtu kitu ambacho sheria haikumpa. Kazi ya pili ni kupokea ombi la msamaha. Hapo mwombaji anakiri kwamba sheria ni hiyo na kwamba jengo lake linaivunja, kisha anaiambia bodi sababu za kumfungulia mlango. Mwaka 1986 kampuni ilifika mbele ya bodi ikisema jengo lake ni halali. Ilipofika mara ya pili, ilifika ikisema jengo lake si halali, lakini liachwe. Ni wajibu mgumu kwa wakili yeyote kuzisema kauli hizi mbili mbele ya chombo kimoja, japo hakuna kanuni inayomkataza.

Kanuni za New York zinaitaka bodi iridhike na mambo matano kabla ya kutoa msamaha, na yote matano lazima yathibitishwe, manne hayatoshi. Sitayapitia kwa uzito sawa kwa sababu hayakuwa na uzito sawa katika kisa hiki.

La kwanza ni kwamba kiwanja kiwe na hali ya pekee ya kimaumbile, tofauti na viwanja vingine vya jirani, na hali hiyo iwe ndiyo chanzo cha ugumu wa kufuata sharti. Neno linalobeba sentensi hii ni kiwanja. Sheria haiulizi kama mwenye kiwanja ana shida ya pekee, kwa sababu kila mwombaji ana shida ya pekee: mmoja ana mkopo, mwingine ana wazazi wazee, mwingine amedanganywa na mkandarasi. Inauliza kama ardhi yenyewe ina kasoro ambayo mtunga kanuni hakuifikiria. Kiwanja cha Mtaa wa 96 kilikuwa kiwanja cha kawaida cha mjini. Ghorofa 19 ziliingia juu yake bila tabu, na ushahidi wa hilo ni kwamba leo zimo.

Hata hivyo kulikuwa na njia ya kupenya, na ndiyo inayolifanya ombi hili listahili kusomwa. Mwaka 1968 Mahakama ya Rufaa ya New York, katika kesi ya Jayne Estates, ilikubali kwamba fedha ambazo mwenye ardhi amezitumia kwa kuamini kibali kilichokuja kuonekana batili zinaweza kuhesabiwa anapothibitisha ugumu katika ombi la msamaha. Kwa maneno mengine, upekee wa kiwanja unaweza kutokana na kilichojengwa juu yake chini ya kibali cha serikali, ikiwa aliyejenga alikuwa na nia njema. Mtu akiisoma kesi hiyo haraka atadhani Parkview ilikuwa na tikiti mkononi: kibali kilikuwapo, fedha zilikuwa zimezikwa ndani ya zege, na ramani iliyopotosha ilichapishwa na jiji.

Kinachokwamisha ni maana ya nia njema. Katika mazungumzo ya kawaida mtu mwenye nia njema ni yule asiyekusudia ubaya, na hakuna mahali mahakama iliposema kwamba kampuni ilikusudia ubaya. Lakini katika sheria hii nia njema ina mguu wa pili, nao ni bidii ya kuchunguza. Mwenye kununua ng'ombe hatazami picha ya ng'ombe. Kampuni iliyokuwa ikiingia katika ujenzi wa ghorofa 31 pembezoni mwa eneo ambalo kila wakala wa ardhi katika mji ule alijua kuwa lina kikomo cha kimo, ikiwa na wasanifu na mawakili wa kulipwa, ilitegemea mchoro mahali ambapo maandishi ya azimio yenyewe yalikuwa wazi kwa yeyote mwenye kuyaomba. CIVITAS, jumuiya ya raia, iliyapata. Mahakama ilipoandika mwaka 1988 kwamba uchunguzi wa kawaida ungeyafichua, iliandika hivyo ili kukataa dai la kwamba serikali imefungwa na kosa lake. Lakini kwa kuandika hivyo iliufunga kabisa ule mlango wa Jayne Estates kabla kampuni haijaugonga. Kwa maoni yangu, kuanzia siku hiyo ombi la msamaha lilikuwa na nafasi ndogo sana, hata kama wajumbe wa bodi wangekuwa wapole kiasi gani.

Jambo la pili katika yale matano ni mapato: mwombaji athibitishe kwamba akifuata sharti hatapata faida ya kiasi kutokana na ardhi yake. Hapa ndipo wafanyabiashara wa majengo huja na majedwali marefu ya hesabu, na hapa ndipo bodi inapaswa kuwa na jicho kali. Jengo la ghorofa 19 katika sehemu ile ya Manhattan ni mali, tena mali kubwa. Ni kweli kwamba faida yake ni ndogo kuliko ya ghorofa 31, na ni kweli kwamba msingi, nguzo na lifti zilizosanifiwa kwa ghorofa 31 ziligharimu zaidi ya zile ambazo zingehitajika kwa 19. Gharama ya kushusha ghorofa 12 nayo ingeingia katika hesabu, na kwa namna ya ajabu ingeifanya hali ya mwombaji ionekane mbaya zaidi kadiri alivyovunja sharti zaidi. Hatari iliyofichika katika jedwali la namna hiyo ni mzunguko: bei ya ardhi hupanda kwa kutegemea idadi ya ghorofa zinazotarajiwa, mnunuzi hulipa bei hiyo, kisha huja mbele ya bodi kusema kwamba kwa bei aliyolipa hawezi kupata faida bila ghorofa zilezile. Bodi ikikubali hesabu hiyo, kikomo cha kimo kitakuwa kinapangwa na madalali.

Jambo la tatu, kwamba msamaha usibadili sura ya mtaa wala kuwadhuru majirani, lilikuwa na ubishi zaidi kuliko ninavyoona watu wakikiri. Mtetezi wa kampuni angeweza kusema kwamba hatua 20 tu upande wa mashariki, nje ya mstari, minara mirefu ilikuwa halali, na kwamba mtu anayetembea Park Avenue asingeweza kuutambua mstari huo kwa macho. Ni hoja nzuri. Udhaifu wake ni kwamba inafaa kwa kila mpaka duniani. Kila kiwanja kilicho ndani kidogo ya mstari kina jirani aliye nje kidogo, na hoja ikikubaliwa kwa mmoja mstari unahamia kwa anayefuata.

La nne linauliza kama mwombaji amejitakia ugumu mwenyewe. Kanuni za New York ni laini kidogo hapa kuliko za sehemu nyingi za Marekani, kwa sababu zinasema wazi kwamba kununua kiwanja ambacho tayari kina sharti hakumfanyi mtu ahesabiwe kuwa amejitakia, ikiwa mambo mengine yote yamethibitishwa. Parkview kwa hiyo isingekataliwa kwa sababu tu ilinunua ardhi yenye kikomo. Ugumu wake lakini haukutokana na kununua. Ulitokana na kujenga. Katika makosa yaliyoambatana hapa, la jiji lilitangulia, la kampuni likafuata, na bodi haikupewa mizani ya kugawa lawama kwa asilimia kama afanyavyo hakimu wa kesi ya ajali ya barabarani. Inatakiwa kusema ndiyo au hapana. Nadhani hapa ndipo palipo na kasoro ya kweli ya mfumo, na nitairudia.

La tano, kwamba msamaha uwe ule mdogo kabisa unaotosha kuondoa ugumu, ndilo ambalo mwenye busara angeanza nalo. Bodi haibanwi kuchagua kati ya ghorofa 31 na 19. Mwombaji angeweza kuleta hesabu ya ghorofa 22 au 24 na kusema kwamba kiasi hicho tu kitamwezesha kurudisha mtaji. Lakini jengo lililokwisha kusimama lina ukaidi wake. Anayeomba kabla ya kujenga anaomba mistari kwenye karatasi, na mistari hufutika. Anayeomba baada ya kujenga anaomba kisibomolewe kitu, na kila ghorofa anayokubali kuipoteza inakuwa kama anakiri kwamba na iliyo chini yake nayo haikustahili.

Bodi ilikataa. Mahakama za New York, kama za majimbo mengine, haziingilii uamuzi wa bodi kwa sababu tu hakimu angeamua vingine. Huuliza kama uamuzi una msingi katika ushahidi au ni wa kiholela, na bodi iliyokataa kwa kutokuridhika na hata jambo moja kati ya matano ina mahali pa kusimama. Miaka saba hivi baada ya amri ya kwanza ya kusitisha ujenzi, ghorofa 12 zikashuka.

Nimesema nitarudi kwenye lawama. Uamuzi wa kukataa ninauona kuwa sahihi, na bado simalizi kuusoma bila kuona kwamba mmoja wa waliokosea alitoka bila kulipa hata senti. Jiji ndilo lililochapisha ramani. Wafanyakazi wa jiji ndio walioipokea michoro, wakaikagua, wakaipitisha. Raia wa kawaida huambiwa aiamini ofisi. Asipoiamini huambiwa mkaidi, na akiiamini ikakosea huambiwa alipaswa kuchunguza. Kwa kampuni kubwa yenye mawakili sioni dhuluma katika jibu hilo. Kwa mtu mwenye nyumba moja, aliyekwenda dirishani akaonyeshwa ramani na kupewa kibali, jibu hilohilo lina ukali mwingine kabisa, na sheria iliyotungwa kwa ajili ya mnara humpata na yeye.

Mahakama za New York zililigusa jambo hili baadaye. Katika kesi iliyofikia Mahakama ya Rufaa mwaka 2008, mwenye nyumba mmoja wa Manhattan alikuwa amejenga nyuma ya nyumba yake ngazi iliyozungushiwa kioo, kwa kibali cha Idara ya Majengo. Kibali kikabatilishwa baadaye kwa sababu ngazi hiyo iliingia katika nafasi ambayo kanuni zinataka iachwe wazi nyuma ya nyumba. Aliomba msamaha, bodi ikamkatalia bila kuisikiliza hoja yake ya nia njema. Mahakama ya ngazi ya kwanza iliisikiliza hoja hiyo yenyewe, ikaona kwamba alikuwa ameitegemea idara kwa haki, naye akashinda hadi ngazi ya juu. Tofauti kati yake na Parkview si ukubwa wa jengo peke yake. Katika kesi ya ngazi ya kioo, uhalali ulitegemea namna ya kuitafsiri kanuni, jambo ambalo ofisa na mwenye nyumba wangeweza kulikosea pamoja kwa uaminifu. Katika kesi ya mnara, idadi ya futi ilikuwa imeandikwa.

Mwaka 2016 mahakama hiyohiyo ilipata nafasi ya kuweka wazi ni mlango upi hoja ya nia njema ipitie. Kampuni moja ya Manhattan ilikuwa imepewa kibali cha bango kubwa la matangazo, kisha kibali kikafutwa kwa kuwa kilitolewa kinyume cha kanuni. Kampuni ilikata rufaa kwa bodi ikitaka ihurumiwe kwa kuwa iliiamini idara. Mahakama ilisema kwamba bodi haikukosea kukataa kuisikiliza hoja hiyo katika rufaa, kwa sababu rufaa ni ya kuuliza kama sheria imesomwa vizuri. Mwenye kudai kwamba aliumizwa na kibali batili alete ombi la msamaha, athibitishe mambo matano, na humo ndani aeleze alichunguza nini, lini, na kwa nani, kabla ya kumwaga zege.